Ukosi wa Zambarau: Siku Tisa za Kumtafuta Chozi Nairobi

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeondoka Kilifi usiku ili niwahi treni ya saa mbili asubuhi pale Miritini, na mchana nikateremka Syokimau nikiwa na begi moja, chupa mbili za matone ya macho na darubini ya zamani niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu alipostaafu. Safari yenyewe ni ya hospitali. Mwezi wa Agosti nilipasuliwa jicho la kulia kuondolewa mtoto wa jicho, na sasa imefika zamu ya jicho la kushoto, tarehe 17. Keshokutwa nina miadi ya vipimo, na baada ya hapo sina kazi yoyote mpaka siku ya upasuaji. Nimeamua siku hizo nizitumie kumtafuta ndege mmoja.

Ndege huyo si adimu. Ni chozi mdogo wa msituni, ambaye wataalamu humwita Hedydipna collaris, mwenye urefu wa sentimita 10 hivi na uzito wa gramu 7 au 8, na makazi yake yameenea kutoka Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini. Kwetu Kilifi nako yupo, vichakani nyuma ya mashamba. Katika miaka yangu 31 ya kufundisha shule ya msingi nimemwandika daftarini mara nyingi, na kila mara kwa maneno yale yale: mgongo kijani, tumbo njano. Kitabu cha ndege, hata hivyo, kinaonyesha kwamba dume ana utepe mwembamba wa zambarau unaotenganisha koo la kijani na tumbo la njano, mfano wa ukosi wa shati, na ndiyo maana ya hilo neno collaris katika jina lake. Ukosi huo sikuuona hata siku moja, nami nilikwisha kujiridhisha kwamba mchoraji wa kitabu alitia chumvi.

Kilichonitia shaka ni kanga. Siku nilipofunguliwa bandeji mwezi wa Agosti, binti yangu alikuwa amekaa mbele yangu amejifunga kanga ambayo kwa miaka miwili nilidhani ni ya rangi ya kahawia. Ilikuwa ya zambarau. Nilimwuliza kama ameibadilisha, akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Jumapili, 9 Novemba

Binti yangu anakaa Pangani, katika nyumba ya ghorofa yenye kiuanja kidogo mbele yake, na kiuanja kimezungushiwa ua wa tekoma yenye maua ya rangi ya chungwa. Baada ya chai nilishuka na darubini nikakaa juu ya kiti cha plastiki. Hazikupita dakika kumi akaja chozi. Alitua juu ya tawi jembamba, akainamia ua, akanyonya, akahamia ua jingine, na jua lilipompiga kifuani nikaona zambarau iliyoiva, juu yake kichwa cha buluu inayong'aa, na chini yake tumbo la njano. Niliita kwa sauti kubwa kuliko inavyomstahili mtu wa umri wangu. Mjukuu wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuo kikuu, akashuka na simu yake mkononi akidhani nimeanguka.

"Babu, huyu siye," alisema baada ya kumtazama kidogo, kwa upole lakini bila kunipunguzia. "Mwangalie mdomo."

Alikuwa na haki. Mdomo wa chozi niliyemwona ulikuwa mrefu na umepinda kama sindano ya kushonea magodoro, ilhali yule ninayemtafuta ana mdomo mfupi, karibu unyooke. Zambarau yake nayo ilikuwa pana, imejaa kifua kizima kama kibwebwe kilichopandishwa juu, haikuwa utepe. Huyu ni Cinnyris venustus, chozi wa bustanini, ambaye dume wake katika nyanda hizi za juu ana tumbo la njano, na ndiye anayewapoteza watu wengi Nairobi. Nimejiandikia somo hilo kwa wino mwekundu, kama nilivyokuwa nikiwaandikia wanafunzi wangu: kwanza mdomo, kisha rangi.

Jumatatu, 10 Novemba

Vipimo vilichukua nusu siku, kwa sababu hospitalini mtu hupimwa kwa dakika tano na kungoja kwa saa nne. Daktari alikuwa kijana mwenye subira, nikamweleza habari ya kanga. Akanifahamisha kwamba lenzi ya asili ya jicho la binadamu hugeuka rangi kwa umri, ikawa ya njano na hatimaye ya kahawia, na mwanga unaozuiwa mapema kabisa ni wa buluu na wa zambarau. Lenzi bandia niliyowekewa jicho la kulia haina uchafu huo. Kwa hiyo, alisema, kwa sasa nina macho mawili yanayoishi katika dunia mbili tofauti. Nilimwuliza kama naweza kwenda msituni kabla ya upasuaji. Akasema niende, mradi nisisugue jicho na nisisahau matone.

Jioni nilipita City Park kwa kuwa iko jirani, nikawakuta kima wakipora ndizi za watoto. Nilisimama kidogo mbele ya kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, na la mwanasiasa Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka 1965, kisha nikakaa chini ya mti wenye maua mekundu nikingoja chozi. Walikuja watatu, wote wenye midomo mirefu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda Makumbusho ya Taifa ili nimwone kwanza akiwa ametulia. Katika ukumbi wa ndege, ambamo ndege wa Afrika Mashariki waliokaushwa wamepangwa nyuma ya vioo kabati baada ya kabati, nilitafuta sehemu ya chozi na kusimama hapo kwa muda mrefu kiasi cha mlinzi kuja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Ukitazama chozi aliyekaushwa unagundua jambo ambalo aliye hai hakupi nafasi ya kuligundua, nalo ni kwamba rangi zake ni za aina mbili kabisa. Njano ya tumbo ni rangi hasa, kama ile ya manjano ya jikoni. Ndege hawezi kuitengeneza mwenyewe tangu mwanzo, huipata katika chakula, na mwili wake unaipeleka manyoyani. Rangi ya namna hiyo hufifia. Ndege wa kabatini walikuwa na matumbo yaliyopauka kama karatasi ya gazeti la mwaka juzi. Lakini kijani cha mgongoni kilikuwa kinang'aa vilevile, kwa sababu kijani hicho si rangi ya kupakwa. Ndani ya nyuzi za unyoya mmejaa chembe ndogo mno zilizopangwa kwa matabaka, na mwanga unapogonga matabaka hayo hurudi ukiwa wa kijani. Zikipangwa kwa nafasi nyingine kidogo, hurudi ukiwa wa zambarau. Alimradi mpango haujavurugika, mng'ao haupotei, hata kama ndege mwenyewe amekufa kabla hujazaliwa. Kwa upande mwingine, mwanga usipofika, hakuna kitu. Nilisogea hatua mbili kushoto na ndege wa kijani akawa mweusi. Nikarudi hatua mbili, kijani kikarudi.

Hapo nilifumba jicho la kushoto nikautazama ukosi kwa jicho la kulia: utepe wa zambarau, mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Nikafumba la kulia nikatazama kwa la kushoto: kivuli cha hudhurungi, mahali ambapo kijani kimekwisha na njano haijaanza. Nimemwomba radhi mchoraji wa kitabu.

Ila ndege wa kabatini nisingemhesabu. Mtu hawezi kusema amemwona simba kwa kuwa ameona ngozi yake.

Jumatano, 12 Novemba

Kila Jumatano asubuhi wapenzi wa ndege hukutana hapo hapo Makumbusho kwa matembezi ambayo Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971, na ambayo kwa miaka yote hiyo yamewafundisha watu wengi zaidi ya vitabu. Niliwahi kuyasikia tangu nikiwa kazini, lakini sikupata kuwa Nairobi siku ya Jumatano. Nilifika mapema, nikajiunga na kundi la watu wa kila namna, wanafunzi, wastaafu, kijana mmoja aliyevaa sare ya kazi ya ulinzi aliyetoka zamu ya usiku, na baada ya matembezi baadhi yetu tukaendelea hadi Arboretum, ile bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu.

Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti itakayofaa kupandwa kwa wingi, kwa kuwa reli ilihitaji kuni nyingi mno, na kwa sababu hiyo imechanganya miti ya kutoka pande zote za dunia na ile ya hapa hapa. Mijakaranda ilikuwa bado ina maua, na chini ya kila mmoja ardhi ilikuwa imetandikwa rangi ya samawati iliyokaribia zambarau, jambo lililonifanya nisimame kila baada ya hatua ishirini kufumba na kufumbua macho kama mtu aliyerogwa. Nikaelekeza darubini kwenye maua. Kila mti uliochanua niliukagua, tawi kwa tawi.

Mama mmoja mtu mzima, aliyevaa kofia ya ukindu na kushika kijitabu kilichojaa vumbi, alinitazama kwa muda kisha akaniuliza namtafuta nani. Nilipomwambia, akatikisa kichwa.

"Mzee, huyo unamtafuta dukani wakati yeye yuko shambani. Achana na maua. Tazama majani."

Akanieleza kwamba chozi huyu, ingawa ni wa ukoo wa wanyonyaji wa asali ya maua, riziki yake kubwa ni wadudu na buibui, na mdomo wake mfupi umefanana na kazi hiyo. Hupita katikati ya majani akigeuzageuza jani moja baada ya jingine, akining'inia kichwa chini inapobidi, na akifika kwenye ua lenye koo refu ambalo mdomo wake haulifikii, halipotezei muda: hulitoboa ubavuni karibu na kikonyo na kunyonya kwa mlango wa nyuma, bila kulifanyia ua ile kazi ya kubeba chavua. Ndugu zake wenye midomo mirefu hubandika uso kwenye chavua na kuipeleka ua la pili. Huyu hula bila kulipa. Mama yule alilisema hilo bila chuki, kama mtu anayemweleza shemeji yake mwenye tabia fulani.

Nusu saa baadaye, kwenye kichaka cha kando ya mto, alinigusa bega. Katika majani alikuwemo ndege mdogo mno, mgongo wa kijani kinachometa, na chini yote ya njano kuanzia kidevuni hadi mkiani. Jike. Jike wa chozi huyu amevaa mng'ao mgongoni sawa na dume, tofauti na majike wa chozi wengi ambao ni wa rangi ya majivu au kahawia tu, lakini koo lake ni la njano na ukosi hana. Alichomoa kitu kwenye mkunjo wa jani, akakimeza, akatoweka. Dume lazima alikuwa karibu, kwa sababu hutembea wawili wawili. Tulingoja mpaka jua likawa kali, na dume hakuonekana.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua kuanzia saa kumi usiku hadi saa tisa mchana. Pangani barabara ziligeuka mito, na mjukuu hakwenda darasani.

Nimeshinda ndani nikisoma. Ndege huyu aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi na Mfaransa Louis Vieillot mwaka 1819, kwa ndege aliyetoka Afrika Kusini, na ukoo wake una aina zaidi ya 140 barani Afrika, Asia na hata Australia. Watu huwafananisha na wale ndege wavumaji wa bara la Amerika wanaonyonya maua huku wakielea hewani, lakini hawana udugu wa karibu. Ni kazi moja iliyofanywa na mafundi wawili wasiojuana. Chozi kwa kawaida hutua kwanza ndipo anyonye.

Kiswahili kimempa jina moja na tone la jichoni. Sijui kama aliyemwita hivyo alitazama udogo wake au namna anavyometa na kudondoka kutoka tawi hadi tawi, lakini mimi ninayetiwa matone mara nne kwa siku naona jina limenifaa. Mjukuu amenitania mchana kutwa kwamba nimesafiri kutoka Kilifi kufuata machozi.

Ijumaa, 14 Novemba

Anga limefunguka. Tulipanda matatu ya Kiambu Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na mjukuu, tukashuka karibu na lango la Karura, tukalipa kwa simu na kuingia.

Karura ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, na uliwekwa chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1932. Mwanafunzi yeyote wa Kenya wa rika la mjukuu wangu anafahamu kwamba ungekuwa majumba leo, isingekuwa Wangari Maathai na wenzake waliokwenda kupanda miti kwenye viwanja vilivyogawiwa wajenzi, wakapigwa mbele ya lango Januari 1999 na bado wakarudi. Kinachofahamika kidogo zaidi ni kwamba msitu wenyewe ni viraka. Sehemu kubwa ni mikaratusi na miti mingine ya kigeni iliyopandwa kwa mistari, ambamo utatembea robo saa usisikie ndege zaidi ya mmoja, na katikati ya sehemu hizo mmebaki vipande vya msitu wa asili, wenye mihugu na mikinduri na mitambaazi iliyosongana. Chozi wetu anataka hivyo vipande. Mjukuu, ambaye masikio yake ni mazuri, alitambua mpaka kabla yangu: "Babu, hapa kumeanza kelele."

Tulisimama mahali njia inaposhuka kuelekea mto, ambapo mti mmoja mkubwa ulianguka zamani na kuacha tundu la mwanga. Majani yalikuwa bado yanadondosha mvua ya jana. Baada ya dakika chache likaja kundi mchanganyiko, jinsi ndege wadogo wa msituni wapendavyo kutembea pamoja, kila mmoja akila chake na wote wakilindana: vindege vya njano vyenye duara nene jeupe kuzunguka jicho, ambavyo mjukuu alisema vimetoka kufunguliwa bandeji kama mimi, shore wawili, kigogota mdogo aliyekuwa akigonga tawi bovu. Nyuma ya wote, chini kidogo, kitu cheusi kikiruka kutoka jani hadi jani.

Kilikuwa cheusi kweli. Kwenye kivuli hakikuwa na rangi yoyote, na kama si sauti yake nyembamba, sii, sii, yenye ukali wa bawaba isiyotiwa mafuta, ningemwacha apite. Nilimfuata kwa darubini. Akaning'inia chini ya jani lililojikunja, akaingiza mdomo katika mkunjo, akatoa kiwavi mwembamba wa kijani, akampiga kwenye tawi mara tatu, nne, kulia na kushoto, mpaka kiwavi akalegea, akammeza kwa kichwa. Kisha akaruka juu kiasi cha hatua mbili, akaingia kwenye tundu la mwanga, akatua juu ya kitawi kilichokufa na kujikung'uta maji.

Mgongo ukawaka kijani, kijani chenye dhahabu ndani yake, si cha jani lolote. Koo likawaka vilevile. Tumbo lilikuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Na pale katikati, kutoka bega hadi bega, ulikuwapo ukosi.

Nimejaribu kuandika ulivyokuwa na nimefuta mara mbili. Kwanza ni mwembamba kuliko nilivyotarajia, hata baada ya kuuona Makumbusho, labda milimita mbili tatu. Pili hautulii: ndege alipogeuza kichwa kushoto, upande mmoja wa utepe ulizimika na kuwa mweusi huku mwingine ukiwaka, halafu ukahama, kama kaa la moto linalopulizwa kuanzia ncha moja hadi nyingine. Tatu, unafanya njano ya chini yake ionekane kali zaidi, kwa namna ambayo fundi wa kanga angeielewa mara moja, maana ndivyo pindo linavyoubeba mji.

Nikafumba la kulia. Ndege akabaki, mwenye mgongo wa kijani cha chupa na tumbo la rangi ya asali, mzuri, na ukosi hakuna. Ni ndege yule yule wa daftari langu la miaka 31. Nikafumbua la kulia, ukosi ukarudi. Nilifanya hivyo labda mara sita, kabla mjukuu hajaninong'oneza kuwa natazama kama taa ya gari inayoashiria kukata kona, na ndege akaondoka.

Jumamosi, 15 Novemba

Tumerudi mahali pale pale, kwa sababu jana wakati wa kuondoka tulimwona jike akipita na kitu cheupe mdomoni, na mjukuu alisisitiza kwamba hakikuwa chakula.

Hakikuwa chakula, ni utando wa buibui. Kiota kinaning'inia kwenye ncha ya tawi la kichaka, juu kidogo ya kimo cha mtu, kama hatua nne kutoka njiani, na watu wanaokimbia mazoezi wanapita chini yake bila kukiona kwa kuwa kinafanana kabisa na takataka zilizonaswa na mvua. Tulikaa chini upande wa pili wa njia, mbali kiasi cha kutomsumbua, na tukamtazama jike kwa saa mbili na nusu. Yeye ndiye anayejenga. Dume alifuatana naye karibu kila safari, akatua juu, akaimba, akafukuza shore aliyesogea, lakini hakubeba hata jani moja. Mjukuu alitaka kulizungumzia hilo. Nilimwambia atazame kwanza.

Umbo la kiota ni la pea, limefungwa juu kwa tawi na mlango uko ubavuni, na juu ya mlango kuna kijibaraza kilichotokeza cha kuzuia mvua, na chini mkia mrefu wa majani makavu na maganda ya miti yanayoning'inia ovyo, ambayo nadhani ndiyo yanayomdanganya mtu. Ndani ya wavu wa utando amefuma nyasi, mizizi myembamba na vijipande vya kuvu-mwani za kijivu zinazoota magomeni. Kila alipoleta utando hakuubandika tu: alishika ncha moja kwa mdomo, akaizungusha kwenye ukingo wa mlango, akauvuta, akaupitisha upande wa pili, kisha akaingia ndani na kutikisa mwili mzima mpaka kiota kikawa kinapumua. Anasukuma kuta kwa kifua ili zipate nafasi. Utando wa buibui hunyumbuka bila kukatika, na ndani ya chumba hicho huja kukaa mayai, kwa kawaida mawili, kisha makinda yanayokua kila siku. Ukuta usionyumbuka ungepasuka au ungewabana. Jike huatamia peke yake takriban wiki mbili. Makinda yakianguliwa, dume naye hulisha, hilo ni la kumwandikia.

Saa nne hivi tulisikia mluzi wa kekeo mdogo wa kijani na mweupe, yule ambaye Mfaransa Levaillant alimpa jina la Klaas, Mkhoikhoi aliyesafiri naye kusini mwa Afrika. Huyo hajengi. Hutaga yai lake katika kiota kama hiki, na kinda lake likilelewa, watoto wa wenye nyumba hawaponi. Dume wa chozi alinyamaza, akajinyoosha, akaenda moja kwa moja kuelekea kwenye mluzi, na tukasikia kelele za ugomvi ndani ya majani kwa muda. Kekeo hakuja upande wetu.

Jumapili, 16 Novemba

Mjukuu alikuwa na kazi ya chuo, nikaenda peke yangu. Msitu wa Jumapili ni wa familia na baiskeli, na nusura nimgonge mtoto mmoja aliyekuwa akijifunza kuendesha, au yeye anigonge mimi. Kiota kimepata baraza kamili. Jike alikuwa sasa analeta vitu laini, nadhani sufi za mbegu na manyoya, na kila safari alikawia ndani zaidi.

Dume alitua kwenye jua juu ya kichaka saa tatu kasorobo. Sikuinua darubini mara moja. Nilifumba jicho la kulia, nikamtazama kwa la kushoto, kwa kuwa kesho saa moja asubuhi lenzi hiyo inatolewa na haitarudi, na chozi yule wa kijani na asali, asiye na ukosi, hakuna mtu mwingine atakayemwona tena. Alikaa kitambo kizuri. Aliimba ubeti wake mfupi wa haraka, akasugua mdomo kwenye tawi pande zote mbili, akashuka kumfuata jike.

Usiku huu mjukuu ndiye aliyenitia matone ya maandalizi, kwa sababu binti yangu yuko zamu. Tone la kwanza liliingia, la pili likateleza na kunishuka shavuni hadi kidevuni, naye akaniuliza kama nalia. Nikamwambia ni chozi tu.